KUTUA SI KUGUSA ARDHI TU

Kwa nini eropleni yenye gurudumu mkiani huponyoka rubani ikiwa imekwisha kufika chini, na jambo hilo latuhusu nini sisi wa vijijini

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya eropleni iko huko juu, kati ya mawingu. Wakiona magurudumu yamegusa ardhi hupumua na kusema, “Basi, wamefika salama.” Lakini iko namna moja ya eropleni ndogo ambayo rubani wake hathubutu kusema hivyo. Kwake yeye, magurudumu yanapogusa ardhi ndipo kazi yenyewe inapoanza. Haachi kuiongoza mpaka imesimama kabisa na kufungwa kamba.

Wewe ukaaye Mikumi, au upitaye katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, huenda umeziona eropleni ndogo zikishuka katika kiwanja cha Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Wewe wa Kilosa, huenda umeziona zikipita juu ya reli au juu ya bonde la Mkata. Safari nyingine utakapoiona moja imesimama chini, itazame miguu yake. Utajua mara moja ni ya kabila gani.

KABILA MBILI ZA EROPLENI

Ya kwanza husimama sawasawa kama meza. Ina magurudumu mawili chini ya mabawa, na la tatu chini ya pua. Nyingi za siku hizi ni za kabila hili, hata zile ziletazo watalii.

Ya pili huketi kama mbwa aliyekalia matako: pua juu, mkia chini. Magurudumu yake mawili makubwa yako mbele, na la tatu, dogo sana, liko chini ya mkia. Zamani karibu eropleni zote zilikuwa za namna hii. Siku hizi zimepungua, lakini hazikwisha. Walinzi wa wanyama katika Afrika ya Mashariki wamezitumia miaka mingi, kama zile ziitwazo Piper Super Cub na Aviat Husky, maana zaweza kuruka polepole sana, chini chini, na kutua mahali pafupi penye majani na mawe.

Basi, ni hii ya pili iliyo na tabia ya kumponyoka rubani wakati wa kutua. Huenda mbele vizuri, halafu pua huanza kupinda kidogo upande mmoja. Rubani akichelewa kuirudisha, hupinda zaidi, na zaidi, mpaka eropleni nzima inazunguka kama pia na kutazama ilikotoka. Bawa la upande wa nje huinama likachimba udongo. Mguu wa gurudumu huvunjika. Panga lizungukalo puani hupiga chini likajikunja. Mara nyingi watu hutoka wazima, kwa kuwa mwendo ulikuwa umekwisha kupungua. Lakini chombo cha thamani kubwa kimeharibika, na aliyekuwa amesimama karibu aweza kuumia au kufa.

MSHALE ULIORUSHWA KINYUME

Labda utauliza, kwa nini izunguke? Jibu si gumu. Chukua mshale. Kichwa chake cha chuma ni kizito, na manyoya yako nyuma. Ukiurusha, huenda sawa, maana uzito umetangulia na manyoya yanafuata, yakishika upepo na kuunyosha. Sasa ujaribu kuurusha kinyume, manyoya mbele na chuma nyuma. Hautafika mbali kabla ya kujigeuza. Chuma kizito hakikubali kukaa nyuma, hutafuta kutangulia.

Eropleni ikiwa angani ni mshale uliorushwa vizuri: uzito uko mbele, mkia uko nyuma ukishika upepo. Lakini yenye gurudumu mkiani ikigusa ardhi, mambo hubadilika. Kinachoshika sasa ni yale magurudumu mawili makubwa, nayo yako mbele ya sehemu iliyo nzito. Uzito umebaki nyuma yao. Madhali eropleni inakwenda sawa kabisa hakuna neno. Uzito unasukuma moja kwa moja. Lakini pua ikipinda hata kidogo, ule uzito wa nyuma hausukumi tena mbele, bali unasukuma kando, nao unazidisha kupinda. Kupinda kukizidi, msukumo nao unazidi. Hivyo kosa linajilisha lenyewe.

Ninyi mkaao kando ya barabara kuu mmekwisha kuona jambo hili katika umbo lingine. Lori lenye tela likishuka mlima wa Kitonga, dereva akafunga breki kwa ghafula barabara ikiwa na utelezi, tela lililo nyuma halikubali kusimama. Husukuma, hupita kando, na mwisho lori na tela hukunjana kama kisu cha kukunja. Kisa ni kile kile: mzigo uliokuwa nyuma umetaka kutangulia.

Ile eropleni yenye gurudumu puani haina shida hiyo. Magurudumu yake makubwa yako nyuma ya uzito, kwa hiyo ikigusa ardhi ikiwa imepinda kidogo, hujinyosha yenyewe. Ni mshale uliorushwa kama ipasavyo, angani na chini pia.

UPEPO WA KANDO

Adui wa pili ni upepo utokao kando ya kiwanja. Mkia wa eropleni una ubao mpana uliosimama wima kama tanga. Upepo wa kando huupiga ubao huo na kuusukuma, na pua hugeuka kuelekea upepo unakotoka. Angani rubani huweza kulisahihisha hilo kwa urahisi. Chini ndiyo taabu, maana eropleni inapopunguza mwendo, usukani wa mkiani unapoteza nguvu. Usukani huo hufanya kazi kwa upepo wa mwendo tu, kama usukani wa mtumbwi usiofanya kazi mtumbwi ukisimama. Basi tazama jinsi mambo yanavyokutana vibaya: mwendo umepungua, usukani umelegea, upepo wa kando bado una nguvu zile zile, na uzito wa nyuma unangoja nafasi. Kwa sababu hiyo eropleni nyingi za namna hii zimeponyoka si wakati ule wa kugusa ardhi, bali mwishoni kabisa, rubani alipokwisha kuona kuwa safari imekwisha.

Tena rubani huyu haoni vizuri. Kwa kuwa pua imeelekea juu, imemfunika njia iliyo mbele yake. Hulazimika kutazama kingo za kiwanja, kushoto na kulia, ili ajue kama bado yuko katikati.

Ndiyo maana marubani wengi wa eropleni ndogo hupenda kutua asubuhi mapema. Jua likipanda na ardhi kupata joto, upepo huamka. Katika nchi iliyozungukwa na milima, kama bonde la Mkata lililo kati ya Uluguru na milima ya magharibi, upepo wa mchana huweza kugeuka pande zote.

RUBANI HUFANYA NINI?

Kwanza, huhakikisha kwamba wakati wa kugusa ardhi pua, mkia na mwendo vyote viko katika mstari mmoja na kiwanja. Upepo ukiwa wa kando, hulaza kidogo bawa la upande utokako upepo, akatua kwa gurudumu la upande huo kwanza. Atuaye huku anasukumwa kando amekwisha kuanza vibaya.

Pili, akiisha kutua kwa magurudumu yote matatu pamoja, huivuta nyuma fimbo ya kuongozea mpaka mwisho, na kuishikilia hapo. Kwa kufanya hivyo mkia hukandamizwa chini, na kile kigurudumu kidogo hupata kushika ardhi na kusaidia kuongoza.

Tatu, miguu yake hailali. Usukani wa mkiani huongozwa kwa pedali mbili. Kila pua inapopinda kidogo, mguu hugusa pedali na kuirudisha, halafu huachia mara moja. Hugusa, huachia, hugusa tena. Mwanafunzi hukosea kwa kungoja mpaka aone pua imekwenda mbali, ndipo akanyage kwa nguvu zote. Pua hurudi kwa kasi, hupita katikati, na kukimbilia upande wa pili. Hukanyaga tena kwa hofu. Baada ya mara mbili tatu za namna hiyo, eropleni imekwisha kuzunguka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika eropleni hii ufa huwa ukuta kwa dakika moja isiyotimia.

Nne, hutumia breki kwa adabu. Breki ziko katika magurudumu ya mbele. Akizikaza sana, mkia huinuka na eropleni hujisimika kwa pua kama jembe.

Tano, na hili ndilo kubwa, hajui aibu ya kurudi juu. Akiona kutua kumeharibika mapema, mwendo ungaliko na kiwanja kingaliko, huipa injini nguvu zote, hupaa, huzunguka, na kujaribu tena. Walio chini huweza kucheka wakidhani ameshindwa. Wamekosea. Rubani wa kuogopwa ni yule atakaye kutua mara moja tu, liwalo na liwe, kwa sababu watu wanamtazama.

ZAMANI HAKUKUWA NA NJIA MOJA

Eropleni ziliruka katika nchi yetu tangu vita kuu ya kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yalipokuwa yakiwasukuma Wajerumani kusini, Kilosa ilitekwa tarehe 22 Agosti, na Morogoro siku 4 baadaye. Majeshi hayo yalikuwa na eropleni za mbao na kitambaa zilizotumwa kupeleleza. Mkiani hazikuwa na gurudumu, ila kipande cha mti kilichoburuta chini na kusaidia kuzizuia.

Baadaye, mwaka 1932, eropleni za barua za Imperial Airways zilianza kupita Moshi, Dodoma na Mbeya zikielekea Afrika ya Kusini. Na mwaka 1946 lilianzishwa shirika la East African Airways, likitumia kwanza eropleni 6 za aina ya de Havilland Rapide, zenye mabawa mawili mawili na gurudumu mkiani. Wazee watazikumbuka pia zile Dakota, yaani DC-3, zilizokuwa zimeinua pua zao kama mbwa anayesikiliza. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977.

Yafaa kujua kwamba viwanja vingi vya kwanza vya dunia vilikuwa uwanda mpana wa majani, si njia moja nyembamba. Rubani alitazama upepo unatoka wapi, akatua akiukabili. Hapakuwa na upepo wa kando, na majani yaliachia magurudumu yateleze kidogo bila kuyakamata. Watu walipoanza kukata njia moja nyembamba, na kuitia changarawe au lami, rubani alilazimika kuifuata njia ilivyo hata kama upepo unatoka kando. Hapo ndipo tabia mbaya ya gurudumu la mkiani ilipoonekana wazi.

Watengenezaji nao waliliona. Mwaka 1953 kampuni ya Cessna ya Marekani ilitoa eropleni iitwayo Cessna 180, yenye gurudumu mkiani. Mwaka 1956 iliichukua hiyo hiyo, ikaipa gurudumu la puani na kuiita 182. Mwaka huo huo ilifanya vivyo hivyo kwa dada yake mdogo, ikapatikana Cessna 172, ambayo zimetengenezwa zaidi ya 44,000, kupita eropleni nyingine yoyote duniani. Watu walipenda chombo kinachojinyosha chenyewe.

KISA CHA BUTIABA

Ardhi mbaya haina huruma kwa eropleni inayopaa wala inayotua. Mfano ni kisa kilichompata Ernest Hemingway, mwandishi maarufu wa Marekani, huko Uganda. Tarehe 23 Januari 1954 yeye na mkewe Mary walikuwa katika Cessna 180 wakitazama maporomoko ya Murchison. Rubani wao, Roy Marsh, alipojaribu kuwakwepa ndege wa porini, eropleni iligonga waya wa simu wa zamani ikaanguka porini. Wote watatu walitoka hai. Walilala huko usiku, na kesho yake chombo cha majini kiliwachukua hadi Butiaba, kando ya Ziwa Albert.

Huko walipata eropleni nyingine, Rapide, ili iwapeleke Entebbe. Kiwanja chenyewe kilikuwa kibovu, kimejaa mabonde na matuta kama shamba lililolimwa. Eropleni ilikimbia ikirukaruka, ikainuka kidogo, ikaanguka na kushika moto. Marsh na Mary walitokea dirishani. Hemingway, kwa kuwa alikuwa mnene, alilazimika kuufungua mlango uliokwama kwa kuupiga kwa kichwa na bega, akaumia vibaya. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alipewa Tuzo ya Nobel.

Wale waliokuwa ndani walipona waya na usiku wa porini, lakini nusura wauawe na matuta ya kiwanja. Jambo hilo tulishike, maana matuta ya kiwanja hayamhusu rubani peke yake. Yanamhusu kila anayekaa karibu na kiwanja.

KWA NINI HAZIKUACHWA?

Utasema, basi eropleni hizi zitupwe. La. Gurudumu la puani nalo lina udhaifu wake. Likiingia katika shimo la muhanga huweza kuvunjika, na panga la puani, lililo karibu na ardhi, hula mawe. Eropleni ya gurudumu la mkiani imeinua panga lake juu, na miguu yake ya mbele ni migumu. Porini hiyo ni faida kubwa.

Ndiyo maana Bernhard Grzimek, bwana wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael, walichagua Dornier Do 27, yenye gurudumu mkiani, walipokuja kuhesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958. Waliipaka milia kama punda milia, wakatua nayo mahali pengi pasipo kiwanja chochote. Michael alikufa ndani yake tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa Ngorongoro. Lakini kilichomwua si kutua. Tai aligonga bawa lake angani. Ni haki kusema hivyo, ili tusiitwike eropleni kosa lisilo lake.

SISI TUFANYE NINI?

Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, na eropleni hazitaacha kuja. Wala si za wanyama na watalii tu. Tangu mwaka 1957, Michael Wood na wenzake wawili, wote madaktari wa upasuaji, walipoanzisha kazi ya madaktari waendao kwa eropleni katika Afrika ya Mashariki, kiwanja kidogo cha kijiji kimekuwa mlango wa hospitali. Siku mama atakapopata shida ya uzazi na barabara imekatwa na mafuriko, kiwanja hicho kitamhusu mkeo au binti yako. Basi, yashikeni haya.

La kwanza. Msijipange kando ya kiwanja kutazama eropleni ikitua. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Nimekwisha kueleza kwamba eropleni iliyomponyoka rubani haiendi mbele. Inakwenda kando, pale pale watoto wanapopenda kusimama. Watu wote wakae mahali pamoja, hatua 100 au zaidi kutoka ukingoni. Mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au mzee mmoja apewe kazi ya kuwazuia.

La pili. Msikimbilie eropleni iliyosimama mpaka panga la puani limeacha kabisa kuzunguka. Likizunguka halionekani, na rubani wa eropleni iliyoinua pua hamwoni mtoto aliye mbele yake.

La tatu. Msichunge ng’ombe kiwanjani, wala msichimbe udongo wa matofali hapo. Fukieni mashimo, vunjeni vichuguu, fyekeni majani, okoteni mawe. Shimo la upande mmoja lakamata gurudumu moja tu, na hivyo ndivyo pua inavyoanza kupinda.

La nne. Ule mfuko wa kitambaa ulio juu ya mlingoti si mapambo, wala si kitambaa cha kushonea. Humwonyesha rubani upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Auibaye amemfumba rubani macho. Kama mfuko hakuna na eropleni ya mgonjwa inangojewa, washeni moto mdogo wa majani mabichi, mbali na njia ya kutulia na mbali na majani makavu. Moshi utamwambia yote.

La tano. Ajali ikitokea, saidieni watu kwanza, na mwajua kwamba petroli huweza kuwa imemwagika: pasiwe na sigara wala moto wowote karibu. Watu wakiisha kutolewa, acheni mabaki kama yalivyo mpaka wachunguzi wa Serikali wafike. Alama za magurudumu katika vumbi huwaambia mahali pua ilipoanza kupinda, na sababu yake. Mkizikanyaga mmefuta ushahidi.

Mara nyingine basi, ukiiona eropleni iliyoketi kama mbwa ikishuka, usipige makofi inapogusa ardhi. Ngoja. Mtazame rubani jinsi usukani wa mkiani unavyochezacheza kushoto na kulia. Hiyo ni miguu yake, bado inafanya kazi. Ikiisha kusimama, panga limetulia na kamba zimefungwa, ndipo upige makofi. Mtu huyo ametua.